UZI: Kuielewa hotuba ya Martin Luther King ya 28 Agosti 1963 kuanzia mwanzo, si kuanzia kwenye "ndoto"

Mzee wa Maktaba

Wakuu, salaam.

Kila Januari, Wamarekani wanapoadhimisha siku ya King, vipande vya hotuba yake husambaa kwenye magrupu, na karibu vyote ni vya dakika za mwisho. Anayesikia hizo tu hubaki na picha ya mchungaji aliyesimama Washington kuwapa watu matumaini. King alikwenda kudai. Theluthi mbili za kwanza za hotuba ni madai ya deni: mdaiwa yupo, hati ipo, na onyo la kitakachotokea lisipolipwa lipo. Ndoto inakuja baada ya hayo yote. Ukiikata peke yake unabaki na maneno mazuri yasiyo na mdaiwa.

Tuanze na wakati wenyewe. Ni Jumatano, watu wapatao 250,000 wamekusanyika mbele ya jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln, takriban robo yao Wazungu. Maandamano yanaitwa Maandamano ya Washington kwa ajili ya Ajira na Uhuru, na ajira imetangulia kwa makusudi. Mwezi Mei watoto wa shule wa Birmingham wamepigwa kwa maji ya mipira ya zimamoto na kutishwa kwa mbwa wa polisi. Tarehe 11 Juni gavana wa Alabama, George Wallace, amesimama mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama kuzuia wanafunzi wawili Weusi wasisajiliwe. Jioni hiyo Rais Kennedy ametangaza kwenye televisheni kwamba atapeleka Bungeni muswada wa haki za kiraia. Saa chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, Medgar Evers wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, amepigwa risasi nje ya nyumba yake huko Jackson, Mississippi, akafa. Kufikia Agosti muswada bado uko Bungeni na wapinzani wake wana nguvu. King anazungumza katika hali hiyo.

Sasa hotuba. Anafungua kwa kuhesabu miaka kwa mtindo wa Lincoln katika hotuba ya Gettysburg ya Novemba 1863, huku sanamu ya Lincoln ikiwa nyuma yake. Anataja Tangazo la Lincoln la Kuwaweka Huru Watumwa la 1 Januari 1863, kisha anarudia "miaka mia baadaye" mara nne. Sikilizeni kinachofuata kila mara. Mtu Mweusi bado si huru. Bado amefungwa pingu za utengano wa rangi. Anaishi kwenye kisiwa cha umaskini katikati ya bahari ya utajiri. Amekuwa mkimbizi ndani ya nchi yake. Mara ya tatu ni uchumi mtupu, na ndiyo inayorukwa sana.

Baada ya hapo inaingia sitiari ya hundi, ambayo kwangu ndiyo moyo wa hotuba. Kisha "sasa ndio wakati", nayo mara nne, akiwajibu waliokuwa wakisema Weusi wavute subira, mambo yatakuja polepole. Anaita wazo hilo la polepole dawa ya kutuliza. Halafu anawageukia watu wake mwenyewe: wasikate kiu ya uhuru kwa kunywa kikombe cha uchungu na chuki, wasiingie kwenye fujo, wasiwachukie Wazungu wote, maana wengi wako nao pale uwanjani. Sehemu hii ni fupi, lakini bila hiyo huelewi uzito wa inayofuata, "hatuwezi kuridhika". Anawazuia wasifanye fujo na papo hapo anakataa kuwaambia watulie.

Mwisho anawaelekeza waliotoka jela na kwenye vipigo: rudini Mississippi, rudini Alabama, rudini South Carolina, Georgia, Louisiana, rudini kwenye mitaa duni ya miji ya kaskazini. Kutoka hapo ndipo ndoto inapoanza.

Karibuni mwongeze nyama.

Wakili wa Mtaa

Mkuu umeanza vizuri. Niseme kuhusu hundi, maana wengi huichukua kama pambo.

King anasema waasisi wa Marekani walipoandika Azimio la Uhuru la 1776 na Katiba, walitia sahihi hati ya ahadi ya kulipa, na kila Mmarekani ni mrithi wa hati hiyo. Kisheria hati ya namna hii ina sifa tatu: aliyeiandika amekiri deni, aliyeandikiwa ana haki ya kudai, na kudai siyo kuomba msaada. King analisema la mwisho waziwazi. Wamekuja mji mkuu kuchukua fedha zao kwa hundi.

Kisha anasema Marekani imewapa Weusi hundi mbovu, imerudi na mhuri wa salio halitoshi. Papo hapo anakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika. Hapa kuna hoja kali. Hundi ikirudi, ama mdaiwa hana fedha kweli, ama anazo na hataki kulipa. King anachagua la pili. Anaihifadhi Katiba kuwa nyaraka halali na kuwashtaki wenye dhamana ya kuitekeleza. Wapinzani wake walipenda kusema harakati hizi ni za kuivunja nchi, na kwa sitiari hii aliwanyang'anya hoja hiyo.

Sitiari hiyo ina historia ya karibu. Clarence Jones, mwanasheria wake aliyeandika rasimu pamoja na Stanley Levison, ameeleza kwamba Aprili 1963, fedha za dhamana kwa waliokamatwa Birmingham zilipotoka kwa Nelson Rockefeller, gavana wa New York, yeye ndiye aliyetia sahihi hati ya ahadi ya kulipa ndani ya benki ya Chase Manhattan.

Bi Zuhura

Naunga mkono, na niongeze upande wa fasihi. Watu wakisikia takriri hudhani ni kurudiarudia ili wasikilizaji wapandwe na hisia. Angalieni kazi yake. "Miaka mia baadaye" inaleta ushahidi. "Sasa ndio wakati" inaweka tarehe ya mwisho. "Hatuwezi kuridhika" inataja masharti. "Nina ndoto", mara nane, inachora nchi itakayokuwapo masharti yakitimizwa. "Uhuru na uvume" inalipeleka dai nchi nzima. Ukizipanga hivyo unaona ngazi, na kila takriri inaanza pale ile ya kabla yake ilipofikia.

Kuhusu Biblia, vifungu viwili ni lazima kuvijua. Anapokataa kuridhika mpaka haki itiririke kama maji, hiyo ni Amosi 5:24. Someni kuanzia aya ya 21: Mungu anakataa sikukuu na nyimbo za watu wanaoonea maskini. Waliokulia kanisani waliupokea mstari huo na lawama yake yote. Cha pili ni Isaya 40:4-5, kila bonde litainuliwa na kila mlima utashushwa. Kiko kwenye ndoto ya mwisho kabisa, baada ya Georgia, Mississippi, watoto wake wanne na Alabama.

Pale kwenye Alabama pana maneno mawili magumu ambayo wengi huyapita, "interposition" na "nullification", yale yanayodondoka midomoni mwa gavana. Wakili atatusaidia.

Wakili wa Mtaa

Ni nadharia mbili za kikatiba. Moja inasema jimbo linaweza kujiweka kati ya serikali kuu na wananchi wake ili kuzuia amri ambayo jimbo linaiona si halali. Nyingine inakwenda mbali zaidi: jimbo linaweza kutamka kwamba sheria ya taifa ni batili ndani ya mipaka yake. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku utengano mashuleni tarehe 17 Mei 1954, majimbo ya kusini yaliyafufua haya yote kukwepa hukumu. Gavana anayesemwa ni Wallace. King hakumtaja jina, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Kijana wa Ubungo

Wakuu nina swali. Ule mstari wa watoto wake wanne kutohukumiwa kwa rangi ya ngozi bali kwa tabia zao, hauna maana kwamba King alikuwa kinyume na mipango ya kuwapa Weusi nafasi maalumu vyuoni na kazini? Ndivyo unavyotumiwa kwenye mijadala mingi ya Wamarekani.

Mzee wa Maktaba

Unatumiwa hivyo, na hapo ndipo kuanzia hotuba mwishoni kunapoleta madhara.

Ushahidi wa kwanza ni ndani ya hotuba yenyewe. Msemaji huyohuyo, dakika chache kabla, ametaka hundi ya miaka mia ilipwe. Deni halifutiki kwa mdaiwa kutangaza kwamba kuanzia leo atawatendea watu wote sawa. Wa pili ni kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, 1964, ambamo alitetea mpango mkubwa wa serikali wa kufidia walionyimwa kwa vizazi, akautetea pia kwa maskini Wazungu. Wa tatu ni orodha ya madai ya siku ile.

Madai yalikuwa kumi, na Bayard Rustin, mratibu wa maandamano, aliyasoma jukwaani baada ya King kushuka, umati ukiyapitisha kwa sauti moja baada ya jingine. Mlikuwamo sheria kamili ya haki za kiraia, kuunganishwa kwa shule za Weusi na za Wazungu ndani ya 1963, kuzuia fedha za serikali kuu kwenda kwenye miradi yenye ubaguzi, mpango mkubwa wa taifa wa kuwafunza na kuwaajiri wasio na kazi, sheria ya kuzuia ubaguzi kazini, na kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Wakati ule kima cha chini kilikuwa dola 1.15, kikapanda hadi 1.25 siku chache baadaye, Septemba 1963. Dola 2 zilifikiwa 1974, wakati mfumuko wa bei ulishakula sehemu kubwa ya thamani yake.

Mstari wa watoto wanne ni picha ya nchi baada ya madai hayo kutekelezwa. Kuufanya sababu ya kutoyatekeleza ni kumgeuza King dhidi yake mwenyewe.

Nahodha wa Lamu

Kuna jambo moja la kiufundi linalowachanganya watu: maandishi na sauti havilingani.

Nakala iliyogawiwa waandishi wa habari asubuhi haina ndoto. Rasimu ilikamilishwa usiku katika hoteli ya Willard, na msaidizi wake Wyatt Walker alimshauri aiache ndoto kwa kuwa alishaitumia sana. Ni kweli aliitumia: Rocky Mount, North Carolina, Novemba 1962, na Detroit tarehe 23 Juni 1963 mbele ya umati mkubwa. Kwa hiyo anayesema ndoto ilizuka pale pale bila maandalizi hajakosea sana kuhusu siku ile, lakini maneno yenyewe yalishapimwa mbele ya watu mara kadhaa.

Mahali alipoacha karatasi panajulikana. Baada ya kifungu cha Amosi na maneno kwa waliotoka jela, rasimu ilikuwa na sentensi ya kiofisi kuhusu watu kurudi kwenye jumuiya zao wakiwa wanachama wa chama cha kimataifa cha kuendeleza kutoridhika kwa ubunifu. Aliiruka, akasema "rudini Mississippi". Walioketi karibu, akiwamo Jones, wamesimulia kwamba mwimbaji Mahalia Jackson alipaza sauti: waambie kuhusu ile ndoto, Martin. Kwenye filamu utaona macho yakiinuka kutoka kwenye karatasi na mwendo wa sauti ukibadilika. Kabla ya hapo anasoma kama mhadhiri, baada ya hapo anahubiri.

Hata sehemu ya milima, ile ya "uhuru na uvume", ina asili yake. Mchungaji Archibald Carey wa Chicago alifunga hotuba yake kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican mwaka 1952 kwa mtindo huohuo wa kuanzia kwenye wimbo wa kizalendo na kupita mlima kwa mlima. Katika mapokeo ya wahubiri Weusi, kupokezana maneno hivi ni jambo la kawaida.

Bi Zuhura

Nahodha, nikuunge mkono kwa milima. King anaanza kaskazini na magharibi, New Hampshire, New York, Pennsylvania, Colorado, California. Kisha anasema "si hapo tu" na kuingia kusini: Stone Mountain ya Georgia, Lookout Mountain ya Tennessee, na kila kilima na kichuguu cha Mississippi. Juu ya Stone Mountain ndipo Ku Klux Klan, kundi la kigaidi la Wazungu wabaguzi, lilipofufuliwa mwaka 1915. Lookout Mountain ni uwanja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Novemba 1863, jeshi la Muungano, yaani la kaskazini, likashinda. Kutaka uhuru uvume kutoka Stone Mountain ni kuudai kwenye kilele cha adui. Msikilizaji asiyejua hilo anasikia somo la jiografia tu.

Mama Kibwana

Mbona hakuna anayetaja wanawake? Kwenye ratiba rasmi hakuna mwanamke aliyepewa hotuba kamili. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee kwenye kamati ya utawala, alipinga kwa maandishi. Kilichopatikana ni kipengele cha kuwaenzi wanawake wapiganaji wa haki, ambamo Daisy Bates alisema maneno machache, na Rosa Parks akawa miongoni mwa waliotambulishwa. Ukisoma hotuba kuhusu usawa, soma na ratiba ya siku ile.

Na mtambueni Rustin. Maandamano yalikuwa wazo la A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa treni, ambaye tangu 1941 alitishia maandamano kama haya mpaka Rais Roosevelt akatoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya silaha. Aliyeyapanga 1963 ni Rustin, kwa takriban miezi miwili, kutoka ofisi ya Harlem: mabasi zaidi ya 2,000, treni maalumu, maji, vyoo, huduma ya kwanza, hata maelekezo kwamba mikate isipakwe mayonezi kwa kuwa itaharibika kwenye joto la Agosti. Aling'ang'ania vipaza sauti bora, akisema watu wasiposikia hawatatulia. Vikahujumiwa kabla ya siku yenyewe, mafundi wa jeshi wakavitengeneza. Bila kazi hiyo sauti ya King isingefika mbali.

Kijana wa Ubungo

Asante Mama. Je, kuna uhusiano wowote na Afrika, au ni sisi tunaoulazimisha?

Nahodha wa Lamu

Upo, tena siku hiyohiyo na jukwaa hilohilo. John Lewis wa SNCC, kamati ya wanafunzi wapigania haki, aliyekuwa na miaka 23, alisema kwamba "mtu mmoja, kura moja" ni kilio cha Afrika na ni chao pia, lazima kiwe chao. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, Kenya ilibakiza miezi mitatu na nusu. Hotuba ya Lewis ilikuwa kali kuliko ya King, na ilipunguzwa asubuhi hiyo nyuma ya sanamu ya Lincoln baada ya Askofu Mkuu Patrick O'Boyle wa Washington kuipinga. Kipande kilichokatwa kilisema watapita kusini kama alivyopita Sherman, jenerali wa kaskazini aliyeacha uharibifu mkubwa huko wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

King mwenyewe alikuwa Accra Machi 1957 Ghana ilipopata uhuru, na mwaka 1959 alimpokea Tom Mboya huko Atlanta, wakati Mboya akitafuta nafasi za masomo Marekani kwa vijana wa Kenya. Katika barua yake ya jela ya Birmingham, Aprili 1963, aliandika kwamba mataifa ya Asia na Afrika yanaukimbilia uhuru kwa kasi ya ndege huku Weusi wa Marekani wakitambaa kutafuta kikombe cha kahawa kaunta ya mgahawa. Ila ndani ya hotuba ya Agosti Afrika haitajwi. Hilo tusimwekee mdomoni.

Mwl. Kidato cha Tatu

Wakuu, nina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Nifanyeje ili wanafunzi wasiishie kuimba "nina ndoto"?

Mzee wa Maktaba

Mwalimu, hotuba ina takriban dakika 17, kwa hiyo inawezekana kuisikiliza mara mbili.

Dakika 10 za kwanza wape miaka mitano tu ubaoni: 1776, 1863, 1896 Mahakama Kuu ilipohalalisha utengano, 1954, na 1963 pamoja na matukio ya Mei na Juni. Usizidishe. Kisha cheza hotuba yote bila kusimamisha. Wasiandike chochote. Kosa la kawaida ni kusimamisha kila baada ya sentensi ili kueleza, na hapo ngazi aliyoisema Bi Zuhura inavunjika.

Mzunguko wa pili, gawa makundi matano, kila kundi takriri moja. Wahesabu imerudiwa mara ngapi na waandike kila mara kimeongezwa nini. Mpe kila kundi nakala iliyonukuliwa kutoka kwenye sauti. Ukiwapa ile ya waandishi wa habari watapotea robo tatu ya njia. Kundi la milima lipewe ramani ya Marekani.

Muda mwingi uuweke kwenye "hatuwezi kuridhika", angalau dakika 20, kwa sababu hapo masharti yanaweza kupimwa. Wachore safu mbili, sharti na kilichotokea. Kulala kwenye moteli na mabango ya "Wazungu pekee": Sheria ya Haki za Kiraia, 2 Julai 1964. Mweusi wa Mississippi kutopiga kura: Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, 6 Agosti 1965. Kabla ya sheria hiyo Weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa asilimia 6.7, na kufikia 1967 walikaribia asilimia 60. Kuhama kutoka mtaa duni mdogo kwenda mkubwa: sheria ya makazi, 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya King kuuawa Memphis alikokwenda kusaidia mgomo wa wazoa taka. Sharti la kwanza kabisa, ukatili wa polisi, halina sheria yake kwenye safu ya pili. Waachie wajadili kwa nini.

Wakumbushe pia kwamba sifa za leo hazikuwapo. Siku mbili baada ya hotuba ofisa mmoja wa juu wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, aliandika kwamba King sasa ndiye Mweusi hatari kuliko wote kwa siku zijazo. Tarehe 15 Septemba bomu liliua wasichana wanne kanisani Birmingham. Mwaka 1966 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 63 ya Wamarekani hawampendi.

Wakili wa Mtaa

La mwisho kwa Mwalimu: usichapishe hotuba nzima kwenye jarida la shule. Jones aliweka alama ya hakimiliki kwenye nakala za siku ile, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi kati ya warithi wa King na kituo cha televisheni cha CBS, ilikataa hoja kwamba kuisema hadharani kuliifanya mali ya umma. Nukuu mistari unayoijadili, eleza iliyobaki kwa maneno yako, na sauti uicheze darasani.